Saspensheni ya mbele: Kazi nzito iliyojificha nyuma ya magurudumu ya gari la nyikani

GARI linaloshiriki shindano la Rhino Charge halifuati barabara. Kila kikundi hupewa vituo 13 vya kufikia katika muda wa saa 10, na mshindi si yule aliyekwenda mbio kuliko wengine, bali ni yule aliyevifikia vituo vyote kwa masafa mafupi zaidi. Kwa sababu hiyo dereva hulazimika kukata moja kwa moja: kuteremka magenge, kukwea miamba na kuvuka makorongo ambayo hata mbuzi huyazunguka.

Shindano hilo lilianzishwa mwaka wa 1989 ili kuchangisha fedha za kujenga ua wa umeme kuuzingira msitu wa Nyandarua, maarufu kama Aberdare, ambako vifaru walikuwa wakiangamizwa na wawindaji haramu. Ua huo wa takriban kilomita 400 ulikamilika mwaka wa 2009, na tangu hapo sehemu ya fedha imekuwa ikielekezwa kwenye misitu mingine, ukiwemo ule wa Mlima Kenya.

Watazamaji humshangilia dereva. Nadra sana mtu kumkumbuka fundi aliyelala chini ya gari kwa miezi kadhaa akiwa na timazi, chaki na mashine ya kuchomelea. Ilhali gari linapojipinda juu ya mwamba, gurudumu moja likiwa limezama shimoni na jingine limekwea hadi usawa wa boneti, kinacholizuia kupinduka au kukatika ekseli ni kazi ya fundi huyo.

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba baadhi ya magari ya namna hii hayabebwi kwa lori kurudi nyumbani. Hurudi kwa magurudumu yake yenyewe, kwenye barabara kuu, kati ya matatu na malori. Fimbo iliyochomelewa vibaya inaweza kustahimili mwendo wa kobe mawe yakiwa chini yake, kisha ikakatika gari likiwa na kasi ya kilomita 80 kwa saa.

Kwa nini mbele ni kugumu

Fundi anayeunda upya saspensheni ya nyuma ana nafasi ya kutosha. Nyuma hakuna injini, hakuna usukani, wala magurudumu hayageuki kushoto na kulia. Akikosea kidogo, gari litayumba lakini litaendelea kumtii dereva.

Mbele mambo ni tofauti. Bakuli la oili la injini liko juu tu ya ekseli. Shafti inayopeleka nguvu kwenye difu hupita kando yake. Sanduku la usukani limefungwa kwenye chesisi, ilhali magurudumu yamefungwa kwenye ekseli inayopanda na kushuka. Isitoshe, dereva anapokanyaga breki uzito wa gari humiminikia mbele, na sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha huangukia magurudumu ya mbele.

Makala haya yanahusu magari yenye ekseli nzima mbele, yaani bomba moja la chuma linalounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, difu ikiwa ndani yake. Mfano ni Land Cruiser za kazi, Land Rover Defender zilizoundwa hadi 2016, Nissan Patrol za zamani na Suzuki ndogo za Samurai na Jimny. Pajero na Prado zina mfumo ambamo kila gurudumu la mbele linajitegemea, na ndivyo yalivyo pia magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021. Mfumo huo wa pili hufaa kasi. Kwenye mawe makubwa, ekseli nzima bado ina wapenzi wengi kwa kuwa ni imara, ni rahisi kukarabatiwa porini, na gurudumu moja likisukumwa juu hulikandamiza jingine chini likashike ardhi.

Kutoka mabamba hadi koili

Land Rover la kwanza la mwaka wa 1948 lilikuwa na springi za mabamba, kama zile za mikokoteni na malori. Springi hizo zina sifa moja kubwa: zinabeba uzito na papo hapo zinaishikilia ekseli mahali pake. Hakuna haja ya fimbo nyingine. Hata zikichakaa hazitupwi, kwani chuma chake ni kizuri na wahunzi wengi wa Kenya hukigeuza panga au sime.

Udhaifu wake ni kwamba kazi mbili hizo hugongana. Bamba likiwa gumu vya kutosha kuishikilia ekseli, huwa gumu mno kuliacha gurudumu lining'inie shimoni. Likilainishwa, hujipinda kama herufi S dereva anapokanyaga breki au anapotia nguvu ghafla. Mafundi wengi huinua Suzuki Samurai kwa kuzihamisha springi kutoka chini ya ekseli na kuziweka juu yake. Ni njia nafuu, nayo hulipandisha gari kwa haraka, lakini huongeza kujipinda huko na huvuruga pembe za usukani. Anayeichagua kwa sababu ya bei hana budi kujua kwamba kazi haijaisha pale gari linaposimama juu.

Mwaka wa 1970 Range Rover ilitoka na springi za koili mbele na nyuma. Defender ikarithi mfumo huo katika miaka ya themanini, na Land Cruiser za kazi zikapata koili mbele mwaka wa 1999. Koili hubeba uzito tu. Haiwezi kuizuia ekseli kwenda mbele, nyuma wala kando. Hapo ndipo fimbo zinapohitajika, na hapo ndipo hesabu zinapoanza.

Njia sita za kusogea

Ekseli iliyoning'inizwa hewani bila kufungwa popote ina njia sita za kusogea. Inaweza kwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Inaweza kuinamia upande mmoja, inaweza kujizungusha kama pini ya kusukumia chapati, na inaweza kupishana, upande mmoja ukatangulia na mwingine ukabaki nyuma.

Kati ya njia hizo sita, gari la nyikani linahitaji mbili pekee: kupanda na kushuka, na kuinamia upande. Nne zilizosalia sharti zizuiwe. Kila fimbo iliyofungwa kwa kiungo huru kila upande huzuia njia moja. Kwa hivyo fimbo nne zatosha: mbili za chini zinazotoka kwenye chesisi kuja kwenye ekseli, moja ya juu ya kuizuia ekseli isijizungushe, na moja ya kukingama inayoizuia kwenda kando. Hiyo ya mwisho huitwa fimbo ya Panhard, kutokana na kampuni ya kale ya magari ya Ufaransa.

Mfumo wa kiwandani wa Defender, Land Cruiser na Patrol hauko hivyo. Una mikono miwili mirefu, mmoja kila upande, na kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bushi mbili, moja mbele na moja nyuma. Mkono wa kulia peke yake unatosha kuizuia ekseli isijizungushe. Wa kushoto nao unafanya kazi iyo hiyo. Gari likiwa tambarare hakuna ugomvi, ila gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, mkono mmoja unataka kuizungusha ekseli upande huu na wa pili unataka kuizungusha upande ule. Kinachosuluhisha ni ule mpira wa bushi unaobonyea. Mpira ukifika mwisho wake, ekseli hukataa kuinama zaidi.

Ndiyo maana mafundi wengi wa magari ya mashindano huiondoa mikono hiyo na kuunda mfumo wa fimbo tatu pamoja na ya Panhard. Yafaa lakini kusemwa wazi kwamba kwa gari la shambani, la utalii au la familia linaloingia tope mara moja moja, mikono ya kiwandani yenye bushi mpya ni bora kuliko fimbo tatu zilizoundwa kwa kubahatisha. Ni mfumo uliojaribiwa kwa miongo kadhaa, husimama imara wakati wa breki, na bushi zake hupatikana hata katika miji midogo.

Kuna wanaouliza kwa nini wasiweke fimbo nne, mbili za juu zikiwa zimetanuliwa kama herufi V, ili kuepuka ile ya Panhard. Nyuma mtindo huo hufana sana. Mbele, injini na bakuli lake la oili huwa zimekalia mahali ambapo V hiyo ingepita. Tena, kuna sababu ya usukani itakayoelezwa baadaye.

Nguvu inayopita kwenye fimbo

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba fimbo ya juu haifanyi kazi kubwa kwa sababu ni moja tu. Hesabu ndogo yaonyesha kinyume.

Chukua gari ambalo magurudumu yake ya mbele yana kimo cha sentimita 40 kutoka ardhini hadi katikati ya ekseli. Fimbo za chini zimefungwa sentimita 10 chini ya katikati hiyo, na ya juu sentimita 15 juu yake. Dereva anakanyaga breki, na ardhi inayasukuma magurudumu ya mbele nyuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 1,000.

Nguvu hiyo iko sentimita 30 chini ya fimbo za chini, na umbali kati ya fimbo za chini na ya juu ni sentimita 25. Kwa kanuni ya wenzo, fimbo ya juu itavutwa kwa nguvu ya kilo 1,200, na fimbo mbili za chini zitabanwa kwa jumla ya kilo 2,200. Yaani breki ya kilo 1,000 imezaa mzigo wa zaidi ya maradufu chini.

Sasa fundi akiona injini inamzuia, akaishusha fimbo ya juu ili iwe sentimita 5 tu juu ya katikati ya ekseli, umbali unakuwa sentimita 15. Fimbo ya juu itavutwa kwa kilo 2,000, na za chini zitabanwa kwa kilo 3,000. Hakuna kilichobadilika kwa dereva, ila vishikio vilivyochomelewa kwenye ekseli vimetwikwa mzigo mpya kila breki inapokanyagwa. Ufa huanzia hapo.

Fimbo za chini hukabiliwa na adui wa pili, nalo ni jiwe. Gari likikalia mwamba, uzito wake wote waweza kutua katikati ya fimbo moja. Kwa hiyo bomba lake sharti liwe nene, na si bomba la maji wala la kutengenezea malango. Wengi hutumia bomba la feleji lisilo na mshono, lenye kipenyo cha nje cha takriban milimita 50 na unene wa ukuta wa milimita 6. Kipenyo kikubwa huzuia fimbo isipinde inapobanwa, na ukuta mnene huzuia isibonyee inapopigwa.

Urefu nao una maana. Ekseli haipandi na kushuka wima, bali huchora tao kuzunguka mwisho wa fimbo ulio kwenye chesisi. Fimbo ya milimita 900 iliyolala sawasawa, ekseli ikishuka milimita 150, hulivuta gurudumu nyuma milimita 12 na nusu hivi. Fimbo ya milimita 600 hulivuta milimita 19. Fimbo fupi zaidi huligongesha tairi kwenye kiunzi cha bodi, kisha dereva analaumu tairi.

Fimbo ya Panhard na usukani

Hapa ndipo magari mengi yaliyoinuliwa huharibika, na ndipo fundi mzuri hujulikana.

Fimbo ya Panhard hutoka kwenye chesisi upande mmoja ikakingama hadi kwenye ekseli upande wa pili. Nayo pia huchora tao. Ikiwa na urefu wa milimita 800 na imelala tambarare, gari likipanda au kushuka milimita 100 ekseli husogea kando milimita 6 tu. Dereva hatajua. Lakini gari likiinuliwa, fimbo hiyo hulala mteremko. Tuseme ncha ya kwenye ekseli sasa iko milimita 150 chini ya ile ya kwenye chesisi. Ekseli ikishuka milimita 100 nyingine, itasogea kando milimita 26. Gari zima litarushwa upande kwenye kila tuta.

Kusogea huko peke yake si hatari kubwa. Hatari ni pale fimbo ya usukani, ile inayotoka kwenye sanduku la usukani kwenda kugeuza magurudumu, inapochora tao lisilolingana na la Panhard. Ekseli ikienda upande huu kwa kiasi hiki na fimbo ya usukani ikaenda kwa kiasi kingine, tofauti hiyo huyageuza magurudumu bila dereva kugusa usukani. Gari linakanyaga shimo na kujielekeza lenyewe kwenye njia ya lori linalokuja.

Dawa inajulikana. Fimbo ya Panhard na fimbo ya usukani sharti ziwe sambamba, ziwe na urefu unaokaribiana, na ncha zao za kwenye chesisi ziwe upande uleule. Hapo zote mbili huchora tao moja na usukani hubaki kimya. Fundi aliyeinua gari hukiinua kishikio cha Panhard kilicho kwenye ekseli, na wakati huohuo huihamisha fimbo ya usukani ifungwe juu zaidi. Akishughulikia moja na kuacha ya pili, amezidisha tatizo alilotaka kulitatua. Hii ndiyo sababu ya pili inayowafanya wengi kutoikimbia fimbo ya Panhard mbele: bila hiyo, fimbo ya usukani haina mwenzake wa kwenda naye.

Bushi ya Panhard iliyolegea, hata kidogo, ndiyo ya kwanza kushukiwa gari la ekseli nzima linapoanza kutetemeka usukani kwa nguvu baada ya kukanyaga tuta, mtikisiko usioisha hadi gari lisimame. Wenye magari hukimbilia kununua shokamzoba ya usukani. Shokamzoba huuficha ugonjwa tu.

Mwegemeo wa kingipini

Uma wa baiskeli haukusimama wima. Umeegemea nyuma upande wa juu, na ndiyo sababu baiskeli inayosukumwa bila mtu hunyooka yenyewe. Kingipini za gari huegemezwa vivyo hivyo, na mwegemeo huo huitwa kasta. Kwenye Defender ulikuwa takriban digrii 3.

Gari lenye mikono ya kiwandani likiinuliwa kwa springi ndefu, mikono hiyo huinamia mbele na kuizungusha ekseli pamoja nayo. Mkono wa milimita 900 ukiinuliwa milimita 75 kwenye chesisi huizungusha ekseli karibu digrii 5. Digrii 3 ukiondoa 5, kingipini zinaegemea mbele badala ya nyuma. Usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye barabara kuu gari huzurura kama mlevi.

Yapo maduka yanayouza mikono au bushi zenye tundu lililohamishwa ili kurudisha kasta. Hufaa kwa kuinua kidogo. Lakini kurudisha kasta kwa kuizungusha ekseli huielekeza shingo ya difu chini, ilhali giaboksi imepanda juu pamoja na chesisi. Shafti hubaki na pembe kali kwenye viungo vyake, ikaanza kutetemeka, na mwishowe viungo huvunjika. Kadiri gari linavyoinuliwa ndivyo mambo haya mawili yanavyozidi kuvutana.

Suluhisho kamili ni kuzikata ncha za ekseli zinazoshika kingipini, kuzizungusha kwa digrii zinazotakiwa, na kuzichomelea tena, ili kasta na shingo ya difu kila moja ipate pembe yake. Si kazi ya kujifunzia. Ncha moja ikipishana na nyingine hata kwa digrii moja, gari litavuta upande mmoja maisha yake yote.

Springi na shokamzoba

Kuhusu springi, wengi huuliza gari litapanda inchi ngapi. Swali lenye maana ni uzito ulioko juu ya kila gurudumu. Uzito wa kilo 500 juu ya springi inayohitaji karibu kilo 3 ili kubonyea milimita moja utaibonyeza milimita 163. Bonyeo hilo ndilo akiba ya gurudumu kuning'inia shimoni. Springi ngumu maradufu itabonyea nusu yake, na gurudumu litaachana na ardhi mapema. Gari litaonekana refu na la kutisha, lakini litapanda mlima kwa matairi matatu.

Winchi na bampa ya chuma vikiongeza kilo 80 mbele, kila springi kati ya hizo itashuka milimita 13. Kwa hivyo vifaa vyote vizito hufungwa kwanza, ndipo springi huchaguliwa.

Shokamzoba si kituo cha mwisho cha ekseli, ingawa katika magari mengi imegeuzwa kuwa hivyo. Juu, mpira mnene wa kuzuia ndio upokee kishindo kabla ya shokamzoba kufika mwisho. Chini, mkanda wa kitambaa kigumu ndio uizuie ekseli kabla ya shokamzoba kuvutika yote. Mpira wa breki nao uwe mrefu kuliko mahali mkanda unapokomea. Mpira wa breki uliokatika kwa sababu gurudumu lilining'inia mno ni hitilafu ya bei ndogo inayoweza kuua.

Jinsi kazi inavyofanywa

Katika gereji zinazofahamika kwa kazi hii, gari huwekwa kwanza kwenye sakafu tambarare, chesisi ikasimamishwa juu ya vigingi vya chuma na kupimwa kwa pimamaji. Timazi huteremshwa kutoka kwenye chesisi na alama za chaki hutiwa sakafuni: katikati ya gari, katikati ya kila gurudumu, na mstari wa ekseli ya nyuma. Bila alama hizo hakuna anayejua baadaye kama ekseli ya mbele imekaa mraba.

Springi huondolewa. Ekseli huwekwa kwa jeki pale itakapokaa gari likiwa limesimama, kasta ikapimwa na shingo ya difu ikaelekezwa. Fimbo hukatwa na vishikio hushikizwa kwa nukta chache tu za moto. Kisha ekseli hupandishwa hadi juu kabisa, ikashushwa hadi chini kabisa, ikainamishwa kulia na kushoto, na kila mara usukani hugeuzwa hadi mwisho pande zote mbili. Fundi hutafuta pale fimbo ya juu inapogusa bakuli la oili, pale tairi inapogusa fimbo ya chini, na pale shafti inapojifunga. Nukta za moto hukatwa, kishikio kikasogezwa, na zoezi likarudiwa. Hatua hii huweza kula muda kuliko zote. Gereji inayoiruka ili kumaliza kazi kwa siku mbili yafaa iogopwe.

Hatua hiyo ikiridhisha ndipo kuchomelea kwenyewe kunapofanywa. Nyaya za betri hufunguliwa ili umeme wa mashine usiharibu altaneta na kompyuta za gari. Bushi za mpira hutolewa zisiungue. Rangi na kutu husagwa hadi chuma king'ae. Kishikio hakichomelewi kwenye ukuta mwembamba wa chesisi peke yake. Huwekewa bamba la kusambaza mzigo, lenye kona za mviringo, kwa kuwa kona kali huanzisha ufa. Kwenye ekseli, joto huachwa lipoe taratibu kati ya mshono na mshono, la sivyo bomba hujipinda na magurudumu hayatakaa sawa tena.

Bolti nazo si za kuokotwa. Zinazotumika kwenye fimbo huwa na alama ya 10.9 kichwani, na huwa ndefu vya kutosha kiasi kwamba sehemu isiyo na hesi ndiyo inayokaa ndani ya tundu la kishikio. Tundu hutobolewa kwa kipimo cha bolti. Likipanuliwa kwa moto, bolti itacheza, na kishikio kitaliwa hadi kiwe na tundu lenye umbo la yai.

Kwenye viungo, chaguo huwa kati ya bushi ya mpira na kiungo cha chuma cha duara. Cha chuma hujipinda zaidi, lakini hupitisha kila mtetemeko hadi kwenye chesisi, na vumbi jembamba kama la Magadi hukisaga upesi. Wengi huchanganya: mpira upande wa chesisi, chuma upande wa ekseli.

Urefu kupita kiasi

Kuinua gari kuna gharama isiyoonekana. Gari lenye upana wa milimita 1,500 kati ya magurudumu, uzito wake ukiwa umejikusanya milimita 750 juu ya ardhi, kimsingi lingepinduka kwenye mteremko wa kando wa digrii 45, bila kuhesabu springi zinazolala. Uzito huo ukipandishwa milimita 100, kiwango hicho hushuka hadi digrii 41. Ndiyo sababu magari ya mashindano yaliyoundwa kwa ustadi mara nyingi ni mafupi kuliko yale ya maonyesho ya mjini: matairi makubwa, bodi iliyokatwa kuyapisha, na chesisi iliyobaki chini.

Gari linalorudi barabarani pia hubaki chini ya Sheria ya Trafiki, na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya 2012, ina uwezo wa kulikagua. Kampuni ya bima nayo huhitaji kujulishwa kuhusu mabadiliko ya aina hii mapema, kwani baada ya ajali mkaguzi wake hutazama chini ya gari kabla ya kutazama bodi.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, bolti zote za fimbo hukazwa upya kwa spana yenye kipimo, magurudumu yakiwa ardhini na gari likibeba uzito wake wa kawaida, ili bushi za mpira zisifungwe zikiwa zimesokotwa. Mishono huoshwa kwa petroli na kukaguliwa kwa tochi. Mstari mwembamba wa kutu mpya kando ya mshono, mahali ambapo rangi ilikuwa nzima wiki iliyopita, ni dalili ya ufa, na gari hilo halifai kuendeshwa hadi kishikio kiondolewe, kisagwe na kuchomelewa upya.